Nilisugua Upanga wa Babu, Nusura Niisugue na Ndoa!

Una upanga, jambia au mkuki ulioachwa na wazee? Kabla hujakimbilia msasa, soma kwanza yaliyonikuta.

Mpenzi msomaji, zipo zawadi ambazo ni heri mtu asipewe kabisa. Mimi niliwahi kutoa moja ya aina hiyo, katika mwaka wa pili wa ndoa yetu, hapa hapa Mpanda. Mpaka leo nikiukumbuka uso wa mume wangu siku ile, nasikia aibu.

Tulikuwa ndiyo kwanza tumehamia nyumba ya kupanga pale Makanyagio. Mwenzangu ni mtu wa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Mimi nimekulia Tanga, kazi ndiyo iliyonileta huku. Katika mizigo yake kulikuwa na kitu kirefu kilichofungwa kwenye khanga iliyopauka, nacho kikaingia moja kwa moja chini ya kitanda. Nilipouliza, aliniambia, "Ni upanga wa babu. Uache tu." Nikauacha.

Baadaye akasafiri kikazi kwenda Sumbawanga wiki nzima, na siku ya kukumbuka ndoa yetu ilikuwa inakaribia. Nikaifungua ile khanga. Upanga ulikuwa na urefu unaokaribia mita moja, umenyooka, una makali pande zote mbili. Mpini wake mrefu ulikuwa umevingirishwa ngozi iliyokauka, hauna kinga ya mkono, na ala yake haikuwepo. Bapa lote lilikuwa jeusi, na madoa ya kahawia hapa na pale. Nikajisemea moyoni, nikiung'arisha huu nikautundika sebuleni, si atafurahi huyu!

Nikaanza na limau na majivu. Nikaja na waya wa kusugulia masufuria. Mwisho nikanunua msasa. Jioni mbili nzima nilisugua hadi vidole vikaota malengelenge, na upanga ukang'aa kama kijiko kipya. Nikauweka mezani, nikapika pilau, nikajipamba, nikamsubiri.

Alipoingia hakuniangalia mimi wala pilau. Aliuchukua upanga, akausogeza kwenye taa, akaanza kupapasa kwa kidole gumba karibu na mpini. Akageuza upande wa pili, akapapasa tena.

"Alama iko wapi?" akauliza.

"Alama gani?"

Kumbe palikuwa na alama ndogo iliyochongwa kwenye chuma. Alipokuwa mtoto, babu yake alikuwa akimshika kidole na kukipitisha juu yake. Mimi niliona kijidoa kigumu kisichotoka, ndiyo maana hapo nilikaza msasa zaidi!

Hakunifokea. Afadhali angefoka. Aliufunga upanga kwenye khanga yake, akaurudisha chini ya kitanda, akala pilau kimya kimya. Kwa siku tatu ndani ya nyumba yetu kulikuwa na maneno mawili tu: "ndiyo" na "hapana".

Siku ya nne akapiga simu shemeji yangu. Kulikuwa na jamaa anazunguka mjini kununua vitu vya kale, na kwa upanga ule alikuwa tayari kutoa laki moja na nusu. Habari za wanunuzi hazikuwa ngeni, na siku zote mume wangu alikuwa akikataa. Safari hii nilimsikia akijibu, "Auchukue tu. Sasa hivi ni chuma."

Neno hilo lilinichoma kuliko kelele zozote. Nikamwomba anipe mwezi mmoja kabla hajauza. Akanipa, lakini bila kunitazama.

WEUSI ULE HAUKUWA UCHAFU

Nilianza kwa mhunzi mmoja mzee anayetengeneza majembe na visu kwa spring za magari. Nikamwamkia, nikamwonyesha upanga, nikamweleza ukweli wote. Aliugonga kwa ukucha, akausikiliza, akatikisa kichwa.

"Mwanangu, ule weusi haukuwa uchafu," akaniambia. "Ule ndio uliokuwa unamvisha nguo. Sasa umemwacha uchi, na masika yanakuja."

Nilichojifunza baadaye kilithibitisha maneno yake. Kutu si ya aina moja. Iko ile nyekundu, laini kama unga, inayobakia kidoleni ukigusa. Hiyo iko kazini na inakula chuma. Lakini chuma kilichokaa miaka mingi mikononi mwa watu, kikifutwa na kupakwa mafuta, hujenga utando mweusi au wa kahawia iliyokolea, mgumu na uliotulia. Utando huo unasaidia kuzuia kutu mpya, na pia ni ushahidi wa umri. Ukiuondoa huwezi kuurudisha kwa wiki wala kwa mwaka. Na ukikwangua kwa msasa unaondoka na chuma chenyewe, pamoja na chochote kilichochongwa juu yake.

Kisha nikataka kujua ni upanga wa aina gani. Hapa nilijicheka, maana mtu wa Pwani nilipaswa kujua. Wazee wa Pwani walizipa silaha hizi majina yake kabisa. Uliopinda huitwa kitara. Jambia ni kisu kipana kilichopinda, cha kuvaa kiunoni. Sime ni upanga mfupi. Upo upanga wa imani, mfupi ulionyooka. Halafu upo upanga wa feleji, mrefu, ulionyooka, wenye makali mawili na usio na kinga ya mkono. Feleji maana yake ni chuma cha pua kilicho bora. Maelezo ya huo wa mwisho yalikuwa kama yameandikwa kwa kuutazama wa kwetu chini ya kitanda.

Upanga wa feleji ulikuwa wa Waarabu wa Oman na watu wa Pwani. Bapa za baadhi yake hata hazikufuliwa Uarabuni. Zilitoka Ulaya, hasa mji wa Solingen huko Ujerumani, zikauzwa kwa meli, kisha zikatiwa mpini na ala na mafundi wa huku. Sasa ulifikaje Katavi? Jibu ni njia ya misafara. Katika karne ya 19 biashara ya pembe za ndovu na ya watumwa ilipita Tabora kuelekea Ujiji na kandokando ya ziwa. Mwaka 1879 Wabelgiji walijenga kituo chenye ngome pale Karema, na mwaka 1885 wakawaachia Wamisionari wa Afrika, wale Mapadre Weupe. Familia ya mume wangu husimulia kwamba babu wa babu yake alikuwa mlinzi wa misafara. Mimi nimeliandika hivyo hivyo, kama simulizi ya familia.

Na wala si kwamba huku hapakuwa na chuma. Majirani zetu Wafipa walikuwa mafundi wa kuyeyusha mawe ya chuma kwenye matanuri marefu ya udongo yaitwayo malungu, ambayo yaliweza kufikia karibu mita tatu. Yalivuta hewa yenyewe bila mivukuto. Kilichotoka humo kilisafishwa tena kwenye tanuri dogo, ndipo kikafika kwa mhunzi kuwa jembe, shoka au mkuki. Majembe yale yalitumika hata kulipia mahari. Kwa hiyo ukikuta mkuki wa kale nyumbani kwenu Katavi au Rukwa, usiudharau kwa sababu hauna nakshi za Pwani. Huenda chuma chake kilichimbwa na kuyeyushwa hapo hapo jirani.

WAJAPANI NA HARUFU YA KARAFUU

Rafiki yangu mmoja ofisini ndiye aliyeniambia, "Shosti, kama unataka kujua kutunza upanga, soma habari za Wajapani." Nikasoma usiku kucha.

Kule, upanga wa kale ni sanaa kama uchoraji. Chuma chake, kiitwacho tamahagane, huyeyushwa kwa makaa na mchanga wenye chuma katika tanuri la udongo, moto usizimwe siku tatu usiku na mchana. Ukiliangalia tanuri lile utakumbuka wazee wa Ufipa. Tangu mwaka 1948 wana chama cha kuhifadhi sanaa ya panga, na mtu haruhusiwi kumiliki upanga bila hati yake ya usajili.

Mambo mawili yalinigusa. La kwanza, sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini haisafishwi kutu kamwe. Rangi ya kutu ile humsaidia mtaalamu kukadiria umri, na mara nyingi hapo ndipo mfuaji alipochonga jina lake. Mmiliki akiikwangua ili ing'ae, ameharibu thamani na ushahidi kwa mkono mmoja. Niliposoma hapo nilifunga kompyuta, nikakaa kimya.

La pili ni mafuta yao. Kwa desturi bapa hufutwa kwa karatasi laini, hupigwapigwa kwa kifuko cha unga laini sana wa jiwe ili kunyonya mafuta ya zamani, hufutwa tena, kisha hupakwa mafuta membamba yanayoitwa choji. Unajua choji ni nini? Ni karafuu! Siku hizi mengi ni mafuta mepesi ya madini yaliyotiwa karafuu kidogo, lakini harufu ni ile ile ya Pemba.

Tena Wajapani wana hadithi ya huzuni kuhusu vifaa vya upanga. Mwaka 1876 serikali yao ilikataza watu wa kawaida kutembea na panga. Mafundi wa kutengeneza kinga za mkono, ambazo huitwa tsuba, pamoja na mapambo ya mpini, wakakosa kazi. Vifaa vingi vilitenganishwa na panga zake, vikauzwa kimoja kimoja. Leo wako watu wanaokusanya tsuba peke yake, na upanga ambao bado una vifaa vyake vya asili huthaminiwa zaidi.

Hapo nikajiuliza, na ala ya upanga wetu iko wapi?

SAFARI YA KAREMA

Nilimuuliza mume wangu. Hilo lilikuwa swali langu la kwanza alilolijibu kwa sentensi nzima. "Shangazi anaweza kujua," akasema. "Jumamosi twende."

Tulikwenda na upanga kwenye khanga yake. Njiani hatukuzungumza sana, lakini angalau tulikuwa kwenye gari moja. Shangazi ni mama wa makamo aliyeshika utu uzima wake vizuri, na kabla hata hatujamaliza shikamoo aliliona lile furushi.

"Mmeuleta babu yenu," akasema.

Nikapiga magoti, nikamweleza nilichofanya. Sikumtuma mume wangu anisemee. Shangazi aliufungua upanga, akautazama unavyong'aa, akacheka mpaka akafuta machozi. "Mkwe wangu, umemnyoa mzee ndevu!" Mume wangu naye akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu.

Kuhusu alama, shangazi alichora chini kwa kijiti. Mwezi uliolala na mistari miwili. Mume wangu akasema hapana, mistari ilikuwa mitatu. Wakabishana kweli kweli! Nikatoa daftari nikachora zote mbili, nikaandika nani kasema ipi. Hatujui hadi leo ipi ni sahihi, na kosa ni langu.

Ala ilikwisha zamani, ngozi yake ililiwa na wadudu. Lakini shangazi aliinuka, akaleta funguo za sanduku lake. Zilikuwa zimetungwa kwenye pete pana ya shaba yenye nakshi ya vitone. Mume wangu akaichukua, akaipitisha kwenye bapa hadi karibu na mpini. Ikakaa sawasawa! Ndiyo iliyokuwa mdomoni mwa ala. Shangazi aliiokota baba yake alipotaka kuitupa, na kwa zaidi ya miaka arobaini imekuwa ikishika funguo zake.

Tulidhani atatupa. Wapi! "Mkitaka kuiona, njooni," akasema, akaichukua. "Nikifa mtaikuta." Basi tukaipiga picha, tukaipima, tukaiandika kwenye daftari.

Tukiwa njiani kurudi, mume wangu alimpigia mdogo wake. "Mwambie huyo jamaa hatuuzi."

FANYA HIVI, USIFANYE HIVI

Haya ndiyo tunayoyafuata nyumbani kwetu. Gharama yake haifiki hata bei ya chakula cha jioni cha watu wawili.

1. Usisugue. Msasa, waya, limau, majivu, dawa ya meno na tindikali vikae mbali. Usiunoe pia, maana upanga wa kale haukati kitu tena.

2. Usiguse bapa kwa mkono mtupu. Jasho lina chumvi, na alama ya kidole inaweza kugeuka kutu. Vaa glovu za pamba au shika kwa kitambaa safi.

3. Futa kwa kitambaa laini cha pamba, kisha paka matone machache ya mafuta ya cherehani. Utando uwe mwembamba, usiotiririka. Mafuta ya kula hayafai, iwe alizeti, mawese au nazi, kwa sababu huganda na kunata vumbi. Huku kwetu mvua huanza karibu na Novemba hadi Aprili, hivyo miezi hiyo sisi tunakagua kila mwezi. Kiangazi tunakagua kila baada ya miezi miwili.

4. Ukiona kutu nyekundu, tia mafuta, acha siku moja au mbili, kisha kwangua taratibu kwa kijiti cha mwanzi. Ukifika kwenye weusi mgumu, simama hapo.

5. Usihifadhi bapa ndani ya ala ya ngozi. Ngozi hushika unyevu, na dawa zilizotumika kuilainisha zinaweza kula chuma. Weka ala pembeni na upanga uufunge kwenye kitambaa kikavu cha pamba. Vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, usivitupe. Vinafaa sana.

6. Usimwage mafuta kwenye mpini. Mbao, ngozi, uzi wa fedha na shaba kila kimoja kina matunzo yake. Kifute kwa kitambaa kikavu tu. Ukiona unga unga wa mbao unadondoka, ujue ni fukusi. Kitenge na vitu vingine vya mbao. Kipande kikidondoka, usigundishe kwa gundi kali. Kitie kwenye bahasha na uandike kimetoka wapi.

7. Usiulaze sakafuni, maana mchwa wa Mpanda hawaulizi. Usiutundike pia penye jua, karibu na jiko, au mahali mtoto anapofika. Sanduku lenye kufuli ndilo zuri.

8. Nunua daftari. Pima urefu, piga picha pande zote, andika kila alama na kila simulizi pamoja na jina la aliyesimulia. Upanga bila habari zake unakuwa chuma kama chuma kingine, na wanunuzi wa vyuma chakavu hupima kwa kilo.

UKITAKA KUKUSANYA ZAIDI

Tangu wakati ule ugonjwa umetuingia wote wawili. Tunao mkuki mmoja, jembe la kale moja na kisu chenye mpini wa shaba. Lakini tumejiwekea masharti. Hatununui kitu ambacho muuzaji hawezi kusema kimetoka kwa nani, na hatununui kilichofukuliwa ardhini au kilichotolewa kaburini.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vya kale vilivyotengenezwa Tanganyika kabla ya mwaka 1863, na pia ina masharti kwa vitu vingine vya asili. Kuvitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Kabla ya kuuza, kununua au kumpa mgeni zawadi, waulize Idara ya Mambo ya Kale au Makumbusho ya Taifa. Vitu vingi vya ukanda huu wa ziwa vilikwishaondoka zamani. Vilivyochukuliwa na Émile Storms, ofisa wa Kibelgiji aliyekuwa Karema kuanzia 1882 hadi 1885, viko katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Vya kwetu vilivyobaki chini ya vitanda ni vichache, tusiviache viondoke kwa laki na nusu.

Sasa, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, simu zetu tunazizima. Tunatandika shuka la zamani mezani. Yeye anafuta, mimi natia mafuta. Ni saa nzima ambayo hatuzungumzii kodi, ada wala ndugu. Mara nyingine huniambia jambo la utotoni ambalo sijawahi kulisikia. Nimetia punje mbili za karafuu kwenye chupa ya mafuta ya cherehani, kwa ajili ya harufu tu.

Bapa limeanza kupata kivuli cha kijivu. Mhunzi anasema tusubiri, weusi utarudi polepole, labda wajukuu zetu watauona. Alama haitarudi. Kila tukimaliza, mume wangu bado hupitisha kidole gumba pale ilipokuwa, na mimi sigeuzi uso.

Nawe msomaji, jioni hii muulize mwenzio: kile kitu cha wazee kilichofungwa kule kabatini, kina habari gani? Muulize kabla hujakigusa!